Hospitali Mpya Si Jalala, Jamani!

Nimepotea kidogo kwa sababu ya zamu za usiku, na wanaofanya kazi za wodini huku Uingereza wanajua ninachosema. Leo nilitakiwa niwe nimelala, lakini kuna jambo limenikaa kooni, nikaona bora nilitoe hapa kibarazani kuliko kulala nalo.

Hospitali mpya imefunguliwa wilayani kwetu. Nani asiyefurahi? Mimi nilimpigia mama simu bila kujali kwamba kwao ni usiku. Tatizo limeanza pale chama cha watu wa kwetu tulioko huku kilipokutana kuzungumzia namna ya kuisaidia. Hata chai haijamiminwa, kamati ya kontena ilikuwa imeshaundwa. Eti tukusanye vitanda vinavyotupwa na nyumba za wazee, magodoro, mashine za kupimia presha, na altrasaundi moja ambayo mtu kaahidiwa mahali. Tujaze kontena, halafu wachache waende kulikabidhi kwa risala, fulana na picha. Nikauliza kama kuna aliyempigia simu Mganga Mfawidhi kumuuliza anahitaji nini. Kaka mmoja akanijibu, "Dada, asiye na kitu hachagui."

Sasa huyo kaka, na wote wanaofikiri kama yeye, leo nawajibu kwa kirefu. ANACHAGUA. Ukimpa maskini koti bovu atavaa hivyo hivyo na maisha yataendelea. Ukiipa hospitali mashine ya oksijeni isiyofanya kazi, kuna mtu atawekewa mashine hiyo usiku wa manane, nesi akiwa peke yake.

Hoja yangu ni moja. Hospitali mpya haihitaji wafadhili wa siku ya ufunguzi, inahitaji marafiki wa mwaka wa pili na wa kumi. Na rafiki wa hospitali huongeza juu ya kile ambacho serikali inapaswa kutoa. Hachukui nafasi ya serikali, na hajifanyi bosi wa hospitali.

Najua mtasema nimeshakuwa mzungu. Basi tuanze na hao wazungu wenyewe, tuone wanafanyaje.

Tarehe 6 Oktoba 2024 ilifunguliwa Midland Metropolitan University Hospital pale Smethwick, jirani na Birmingham. Msidhani huku kila kitu kinakwenda kama saa. Hospitali hiyo ilitakiwa ifunguliwe mwaka 2018. Januari mwaka huo kampuni iliyokuwa inaijenga, Carillion, ikafilisika, jengo likasimama, na ilibidi apatikane mkandarasi mwingine. Ilipofunguliwa gharama ilikuwa inakaribia pauni bilioni 1. Ni jengo kubwa lenye vitanda zaidi ya 700, na ghorofa ya tano kuna ukumbi mpana wa vioo ambao wenyewe wanauita bustani ya majira ya baridi.

Je, hisani iliingia wapi? Hospitali za NHS huwa na mfuko wa hisani ulioandikishwa kisheria, na wa pale ulichangisha fedha kwa ajili ya mambo kama sanaa za ukutani, sehemu za kijani na mahali pa watu kupumzika. Wengine mtacheka. Sanaa ukutani, watu wanaumwa! Lakini hebu tazameni kanuni iliyo nyuma yake: fedha za hisani ni kwa ajili ya ZIADA, yaani kile ambacho NHS haiwajibiki kukitoa. Mshahara wa nesi ni wa serikali. Dawa ni za serikali. Kiti cha kulala mzazi karibu na mtoto mgonjwa, vitu vya kuchezea, kipande cha bustani cha mtu kulilia mauti ya mumewe bila kutazamwa, hapo hisani inakaribishwa.

Nikiri kwamba mstari huo hupindishwa. Hospitali ya watoto ya Evelina ya London, iliyofunguliwa mwaka 2005, iligharimu pauni milioni 60, na milioni 50 kati ya hizo zilitoka kwenye hisani ya Guy's and St Thomas'. Yaani hisani ilijenga karibu jengo zima. Lakini jengo liliposimama, wauguzi wa kuliendesha waliajiriwa na NHS. Hakuna aliyewaambia wazazi wa London kwamba mshahara wa nesi wa usiku utategemea mnada wa keki.

Nyumba hizi za hisani zinasema zenyewe kwamba kwa ujumla zinaipa NHS takriban pauni milioni 1 kila siku. Fedha nyingi, sivyo? Sasa fanyeni hesabu. Kwa mwaka haifiki hata pauni milioni 400, wakati bajeti ya NHS kwa England peke yake ni zaidi ya pauni bilioni 160. Haifiki asilimia 1! Nchi tajiri kama hii imeiachia hisani chini ya asilimia moja ya mzigo, halafu sisi tunataka wilaya maskini iegemee kontena letu.

Tuje kwa wanaojitolea wenyewe, kwa sababu hapo ndipo nina ushahidi wa macho yangu. Wodini kwetu kuna mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu. Anakuja kila Jumanne saa nane mchana. Kwanza anapita na toroli la chai. Kisha anakaa na mgonjwa yule aliyepotewa na kumbukumbu ambaye hatulii, anamsikiliza hadithi ile ile kwa mara ya ishirini. Muda huo mimi nagawa dawa bila kukatizwa, na nesi asiyekatizwa wakati wa kugawa dawa hakosei kirahisi. Thamani ya mzee yule si chai. Thamani yake ni kwamba ni KILA Jumanne, iwe mvua, iwe theluji. Ningepewa nichague kati yake na watu hamsini wanaokuja siku moja kwa mwaka wakiwa na fulana zinazofanana, nisingefikiria mara mbili.

Na hospitali ikiwa mpya, watu wa aina yake ndio wa kwanza kuhitajika. Jengo jipya linapoteza kila mtu. Mgonjwa aliyezoea jengo la zamani kwa miaka thelathini anashuka kwenye basi hajui mlango uko wapi. Hata sisi wafanyakazi tunapotea. Mtu anayesimama mlangoni na kusema, "Mama, kliniki ya macho ni kule, twende nikupeleke," anaokoa miadi mingi ambayo ingepotea. Kazi hiyo haihitaji kontena.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mzee yule hakuingia wodini kwa sababu ana moyo mzuri. Alikaguliwa kumbukumbu zake za polisi. Alifundishwa kunawa mikono, kuzuia maambukizi na kutunza siri za wagonjwa. Ana msimamizi wake. Haruhusiwi kumgeuza mgonjwa, hagusi dripu, hasomi faili. Kwa nini ukali wote huo kwa mtu wa bure?

Kwa sababu nchi hii iliungua. Mwaka 1983 kituo kipya cha majeruhi wa uti wa mgongo kilifunguliwa kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, kwa fedha nyingi zilizochangishwa na mtangazaji maarufu wa televisheni, Jimmy Savile. Alikuwa anajitolea pale. Kwa sababu ndiye aliyeleta mamilioni, alipewa chumba ndani ya hospitali na akatembea wodini apendavyo. Alikufa mwaka 2011 akiwa shujaa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Februari 2015 ilieleza kwamba watu 60 walidhalilishwa naye kwenye hospitali hiyo, wakiwemo watoto. Walikuwepo waliolalamika wakati ule ule. Hawakusikilizwa. Nani angemgusa mfadhili?

Hiyo ndiyo hatari ya msaada unaompa mtu ufunguo. Msiniambie kwamba ni mambo ya Ulaya. Jirani zetu wa Jinja, Uganda, walimpokea Mmarekani kijana asiye na mafunzo ya utabibu, akafungua kituo cha watoto wenye utapiamlo. Kati ya mwaka 2010 na 2015 zaidi ya watoto 100 walifariki kituoni hapo. Kesi ya madai iliyofunguliwa na akina mama ilimalizika mwaka 2020 kwa makubaliano ya fidia, bila yeye kukiri kosa. Moyo wa kusaidia alikuwa nao, tena tele. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, "Binti, hapa mwisho wako."

Na sisi je? Tukienda nyumbani na kontena letu tunapita wodini na simu mkononi, tunapiga picha za akina mama waliojifungua jana, tunazitupia mitandaoni. Huku hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kupiga picha kiatu cha mgonjwa bila ridhaa yake. Mama wa kijijini yeye hana siri? Hana aibu?

Sasa turudi kwenye hilo kontena lenyewe.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliokusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16. Karibu asilimia 40 ya vifaa katika nchi maskini vilikuwa havifanyi kazi. Sababu tunazijua tuliowahi kufanya kazi hospitali za nyumbani. Mashine inatoka Marekani inataka umeme wa volti 120, nyumbani ni 230, ikichomekwa tu imekwenda. Mashine ya maabara inafika nzima, lakini vitendanishi vyake havipo nchini. Kitanda cha umeme kinafika bila rimoti. Kitabu cha maelekezo hakuna, vipuri hakuna, fundi wa vifaa tiba ni mmoja kwa wilaya nzima. Na kabla ya yote kuna kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na gharama za bandarini, ambazo hakuna anayezipigia makofi mkutanoni.

Halafu mashine ikifa, haizikwi! Mali iliyoandikishwa serikalini haitupwi hivi hivi, ina taratibu zake. Basi inasukumwa kwenye chumba, kisha na nyingine, na nyingine. Hospitali mpya yenye vyumba vya kuhesabu inageuka stoo ya vitu ambavyo Uingereza ingelipa fedha kuvitupa. Tumewasaidia wazungu kutupa taka, tukaita msaada. Ndiyo maana nikasema hospitali si jalala.

"Lakini dada, watu wanalala wawili kitanda kimoja!" Najua. Nimewahi kuhudumia wodi ya namna hiyo, hamna mnachonifundisha. Ndiyo maana nasema ULIZENI kwanza. Mganga Mfawidhi akisema anataka vitanda, tumeni fedha, mafundi wa nyumbani wachomelee. Mguu ukivunjika, fundi yuko mtaa wa pili, anaurudisha palepale, na fedha imebaki wilayani.

Kuna kosa lingine kubwa zaidi ya kontena, nalo ni kutaka kuwa BADALA ya serikali. Kuna waliopendekeza tuwe tunanunua glovu na kulipa posho za manesi wawili. Wanasema kwa nia njema. Lakini glovu na manesi ni wajibu wa halmashauri na wizara. Siku tukianza kulipia, mwaka unaofuata mtu wa bajeti atasema, "Hawa wana watu wao Ulaya," na fungu litahamia kwingine. Siku chama chetu kikigombana (na vyama vyetu tunavijua!) glovu zitakwisha na manesi wawili watakwenda nyumbani.

Mnadhani natia chumvi? Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafungwa rasmi. Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, watumishi wa afya waliokuwa wanalipwa na miradi waliamka hawana kazi, na wagonjwa wakakuta milango imefungwa. Sisemi misaada ile haikuokoa watu, iliokoa wengi mno. Nasema kilichojengwa kama badala kilianguka siku badala ilipoondoka. Kama Marekani, taifa zima, linaweza kubadili mawazo asubuhi moja, sembuse chama chenye mweka hazina anayehamia Canada mwezi ujao?

Mwingine akaninong'oneza, "Wewe uliyekimbia wodi za nyumbani unapata wapi ubavu wa kusema?" Swali hilo halinitishi. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania mwaka 2023 kwenye orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na ni kweli kila nesi anayepanda ndege anaacha pengo. Nililisomea shahada, nikalitumikia, nikaondoka kwa sababu zangu ambazo si mjadala wa leo. Lakini kwa vile pengo lipo, ndiyo tusiwaongezee waliobaki kazi ya kupokea wageni, kupanga viti vya sherehe na kulinda stoo ya mashine mbovu.

Nyumbani si kwamba hatujui kujitolea. Sisi ni watu wa msaragambo! Zahanati ngapi zimejengwa kwa mchanga na kokoto zilizobebwa na akina mama kichwani? Tunajua kujitolea mpaka bati la mwisho linapopigwa misumari. Baada ya hapo tunaona kazi imekwisha, tunasubiri mheshimiwa aje akate utepe. Kumbe hospitali ndiyo kwanza inaanza kuishi. Tunajua kujenga, hatujui kubaki.

Kubaki kunawezekana. Hospitali za Northumbria, kaskazini mwa England, zina uhusiano na KCMC ya Moshi tangu mwaka 1999. Wauguzi na madaktari wao wamekuwa wakienda kufundisha, na wenzao wa Moshi wanakuja huku kujifunza. Zaidi ya miaka 20! Wenyeji wanaamua wanataka kujifunza nini, wageni wanakuja na ujuzi huo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe utepe na mkasi.

Basi pendekezo langu ni hili. Tuunde Marafiki wa Hospitali, lakini nguvu yake iwe nyumbani, kwa wakazi wenyewe: walimu wastaafu, vijana wa kanisani na msikitini, akina mama wa vikoba. Wachaguliwe, wafundishwe na hospitali, wawe na msimamizi, wapewe zamu zinazojulikana. Wasimame mlangoni kuelekeza watu. Wasukume viti vya magurudumu. Wapike uji kwa mgonjwa asiye na ndugu, maana nyumbani asiye na ndugu halishwi. Na wahamasishe watu kuchangia damu, kwa sababu chumba cha upasuaji kipya bila damu ni chumba chenye taa nzuri tu. Damu haiji kwa kontena. Inatoka kwenye mkono wa jirani.

Sisi wa huku tuwe mfuko wa nyuma. Wanachama 60 wakikatwa pauni 5 kila mwezi benki, kwa mwaka ni pauni 3,600. Pauni 5 ni kahawa na keki moja ya mjini. Kwanza tujenge banda la wasindikizaji, lenye choo na mahali pa kupikia, ili ndugu wa mgonjwa waache kulala chini ya mwembe. Kisha tumlipie fundi wa vifaa tiba kozi, ili mashine ambazo serikali imeshaleta zisife. Fedha ziingie kwenye akaunti ya hospitali, matumizi yabandikwe ubaoni kila mtu ayasome, na asiwepo mtu wa Uingereza wa kumwamrisha Mganga Mfawidhi hata kwa salamu. Glovu zikikosekana, Marafiki wasinunue. Waende kwenye kikao cha halmashauri wakaulize ziko wapi. Hiyo nayo ni kazi ya rafiki, tena ndiyo ngumu kuliko zote.

Hakutakuwa na picha nzuri, najua. Banda la wasindikizaji halina mvuto kama kontena lenye bendera. Lakini mama aliyesafiri na mwanawe kutoka kijijini, akapata mahali pakavu pa kulala na mtu wa kumwonyesha mlango, hatatuuliza tumepiga picha ngapi.

Kwa hiyo wadau, chama chenu kikitaka kusaidia hospitali iliyofunguliwa kwenu, kabla ya kukusanya hata godoro moja, mpigieni simu Mganga Mfawidhi. Muulizeni kinachomnyima usingizi. Kisha nyamazeni, msikilizeni mpaka amalize. Anayesema nimekosea alete hoja, nitamjibu nikitoka zamu. Matusi peleke kwenye kamati ya kontena.